Likizo ya Kigoma: panda mlima asubuhi, malizia ziwani

Mwaka wa kwanza niliporudi nyumbani baada ya kuajiriwa Morogoro nilikaa Kigoma siku kumi na sikugusa maji ya ziwa hata mara moja. Siku zote ziliishia kwenye makochi ya watu. Kwa shangazi Gungu, kwa mjomba Ujiji, msibani Mwandiga, kwa mama mdogo pale Mwanga ambaye hakuachii uondoke na chai tupu tumboni. Siku ya kuondoka nikiwa stesheni, begi miguuni, ndipo nilipoliona ziwa kule bandarini, bluu imekolea, limetulia. Nililia. Nilijiona kama mtu aliyefika kwao na kuondoka bila kuonana na mama yake.

Tangu mwaka ule nimejiwekea utaratibu na sijauvunja. Nimezaliwa Katonga, marehemu baba alikuwa mvuvi wa dagaa, mimi ni muuguzi, na karibu kila Juni ninarudi na wanangu wawili: binti wa miaka 17 na mdogo wake wa miaka 9. Ninaandika kwa ajili ya mwenyeji aliyekaa mbali muda mrefu, ambaye anataka watoto wake waijue Kigoma kwa miguu yao na waache kuijua kwa picha za simu tu.

Kitu cha kushika ni hiki: kwetu mlima na ziwa havitengani. Ardhi ya Bonde la Ufa imeshuka ghafla, na ziwa limekaa chini ya ukingo. Maji yapo mita 773 juu ya usawa wa bahari, na huko Gombe vilima vinapanda hadi mita 1,500 ndani ya mwendo mfupi tu kutoka ufukweni. Ukichagua njia vizuri, utaanza juu na miguu itaishia majini. Kwa hiyo panga siku yako hivyo hivyo. Panda kungali na ubaridi, shuka, oga, na uwe umeshatoka majini kabla upepo wa mchana haujaanza kulichafua ziwa.

Kwanza maliza salamu

Siku mbili za mwanzo ni za wakubwa. Kama kuna msiba ulikupita ukiwa mbali, anzia huko, hata kama ni miezi sita imepita, kisha nenda kwa aliye mkubwa kuliko wote katika ukoo ndipo ushuke kwa wengine. Usifanye kinyume. Mimi niliwahi kuanza kwa mama mdogo kwa kuwa nyumba yake ipo karibu na stendi, na shangazi alinikumbusha jambo hilo kwa miaka mitatu.

Ukiwa kwenye hizo salamu, tangaza mapema: "Shangazi, Alhamisi na Jumamosi sitapatikana, nawapeleka watoto mlimani na ziwani." Ukisema mapema hakuna anayenuna. Mara nyingi utapata na msaada, maana kila nyumba ya Kigoma ina kijana anayeijua njia au mzee aliyevua miaka arobaini. Mzee wa namna hiyo mkalishe chini umuulize mambo mawili: upepo wa siku hizi unaanza saa ngapi, na mamba ameonekana wapi karibuni. Majibu yake yana faida kuliko chochote nitakachoandika hapa.

Jua la Kigoma linachelewa

Hili huwapotosha wengi wanaotoka Dar au Morogoro. Saa ni ileile nchi nzima, lakini Kigoma ipo magharibi kabisa, kwa hiyo mwezi Juni jua linachomoza baada ya saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni. Ukiamsha watoto saa kumi na moja na nusu kama ulivyozoea, mtatoka nje gizani na mtajikwaa kwenye mawe. Sisi tunaamka saa kumi na mbili, tunakunywa chai na muhogo wa kuchemsha, na saa kumi na mbili na dakika arobaini, weupe ukianza kuonekana, tunatoka. Vivyo hivyo jua la utosi huku linafika saa saba, hivyo ule mchana mkali unaanza taratibu na kuendelea hadi saa kumi. Mtu anayesema "tutapanda jioni jua likipoa" ajue kwamba saa kumi Kigoma bado ni kali.

Kuhusu msimu, mvua huanza karibu Oktoba au Novemba na kuisha karibu Mei. Juni njia zimekauka, majani bado yana ukijani, vumbi halijawa jingi. Agosti na Septemba vilima vimeshachomwa moto, kuna moshi na ukungu wa vumbi, na milima ya Congo ng'ambo haionekani kabisa. Mwenye likizo ya Desemba ataiona Congo waziwazi baada ya mvua kusafisha hewa, lakini asipande siku yenye mawingu meusi, kwa sababu radi huku si ya kuchezea na juu ya kilima wewe ndiye uliye mrefu.

Kitu kingine cha kujua kabla hujakata tiketi. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Tulifika Juni ile tukakuta mitumbwi imepinduliwa ufukweni, wanaume wanashona nyavu, na mbichi hakuna. Kuoga na kutembea hakukatazwi kipindi hicho, lakini kama moyo wako umekaa kwenye mgebuka, yule samaki wetu wa ziwani, uliotoka majini asubuhi, piga simu nyumbani uulize ziwa likoje.

Njia ya kuanzia: mjini hadi Katonga, kisha juu ya kilima

Kwa mtu mwenye watoto hii ndiyo ya kwanza. Kutoka mjini unaifuata barabara ya Bangwe kuelekea Katonga. Ni kilomita chache tu, unaweza kupanda daladala ukitaka kuokoa miguu ya wadogo. Mimi hupenda kutembea, kwa sababu barabara inapanda na kuteremka kwenye bega la kilima na kila kona ziwa linajitokeza upande wako wa kulia, mara karibu, mara mbali.

Fika Katonga asubuhi, dagaa wakiwa wanaanikwa. Simama hapo, usipite haraka. Wanawake huwamwaga kutoka kwenye ndoo na kuwatandaza kwa viganja, wengine juu ya vichanja vya nyavu, wengine bado kwenye mchanga. Dagaa mbichi wa Tanganyika aking'aa kwa jua la kwanza ni kama mtu amemwaga sarafu mpya. Baada ya saa mbili tatu rangi inaanza kutulia, na hapo mama anapita na fagio laini kuwageuza, huku watoto wakifukuza kunguru. Binti yangu alipokuwa na miaka 8 alikabidhiwa fimbo ya kufukuzia kunguru na jirani ya mama, akafanya kazi hiyo hadi saa sita, hakutaka tena kupanda kilima wala kuoga. Nilimwacha. Ile ndiyo kazi niliyoifanya mimi katika umri ule, mchanga uleule.

Sema mchanga wenyewe sasa haupo wote. Miaka ya karibuni ziwa limepanda sana, na sehemu niliyochezea utotoni nimeikuta chini ya maji. Hili lina maana kwa mwogaji: usijirushe majini mahali ambapo zamani palikuwa nchi kavu. Chini kuna visiki, misingi ya kuta, mabati na misumari. Ingia kwa kutembea, umevaa kandambili za kufunga au raba za zamani.

Kutoka Katonga unapanda njia ya kuvuka kilima kuelekea fukwe ndogo za upande wa pili, ile sehemu maarufu inayoitwa Jakobsen. Kupanda ni kama dakika ishirini kwa mtu mzima asiye na haraka. Nyasi zinafika kiunoni, kuna miti ya miombo iliyokonda na mawe yanayoteleza kwa sababu ya kokoto. Juu kabisa geuka nyuma uutazame mji, kisha teremka. Kiingilio kipo, kwa hiyo uwe na fedha taslimu. Pwani yake ni vijihori viwili vitatu vyenye mchanga, mawe makubwa pembeni, na maji ambayo unaiona miguu yako hata yakifika shingoni. Mpe mtoto miwani ya kuzamia, hata ile ya bei ndogo ya dukani. Kandokando ya mawe kuna samaki wadogo wa kila rangi, wenye mistari, wa njano, wa samawati, na wengi wao hawapatikani popote duniani isipokuwa ziwa hili. Watu wa nje hununua samaki hawa kwa ajili ya kuwafuga kwenye matangi ya vioo majumbani. Mwanangu aliwaangalia hadi midomo ikageuka zambarau kwa baridi.

Ukianza saa moja kasoro, saa tatu utakuwa umeshaoga. Rudi kabla ya saa saba.

Njia ya wenye miguu: Kibirizi hadi Kalalangabo

Hii ipo upande wa kaskazini. Unaanzia Kibirizi, zinakopaki boti za abiria, na kuufuata ukingo wa ziwa kwa njia za miguu zinazopanda na kushuka mabega ya vilima hadi kijiji cha Kalalangabo. Hakuna kibao wala alama. Mchukue kijana wa hukohuko, mpatane bei kabla ya kuondoka, na mlipe mkifika. Njiani mtakutana na watu wakitoka shamba na mizigo ya kuni au mikungu ya michikichi. Wapishe, maana njia ni nyembamba na mzigo ni wao. Wasalimie. "Mwakeye" ya asubuhi kutoka kwa mtoto anayeongea Kiswahili cha Morogoro humfungulia kila mlango.

Nitasimulia kosa langu ili usilirudie. Mwaka mmoja nilikwenda Agosti badala ya Juni. Tulichelewa nyumbani kwa ajili ya wageni, tukaanza kutembea saa nne na chupa mbili ndogo za maji kwa watu wanne. Vilima vilikuwa vimeungua, kivuli hakuna, ardhi nyeusi inapandisha joto usoni. Baada ya mwendo wa saa moja na nusu mtoto wa kaka yangu, miaka 11, akaanza kulalamika kichwa, kisha akanyamaza. Kunyamaza kwa mtoto aliyekuwa analalamika kuliniogopesha kuliko malalamiko. Nilimgusa, ngozi kavu na ya moto. Mimi muuguzi, nimeshahudumia watu wenye hali hiyo wodini, na nilikuwa nimemleta mwenyewe hapo.

Tulimbeba hadi kwenye mwembe wa nyumba moja pembeni ya shamba la muhogo. Bibi mwenye nyumba hakuuliza sisi ni nani. Alileta mtungi, nikamlowesha mtoto kichwa, shingo na makwapa, tukampepea kwa kanga. Alipoweza kumeza nikaomba chumvi na sukari. Kipimo ni hiki, kiweke kichwani: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mpe kidogo kidogo, kila baada ya muda mfupi. Baada ya saa moja akaomba kwenda haja ndogo na nikamshukuru Mungu kwa sauti. Lakini mtoto akichanganyikiwa, akizimia au akishindwa kunywa, usikae chini ya mwembe kumsubiri apate nafuu. Endelea kumpoza huku unatafuta usafiri wa kumfikisha hospitali.

Kurudi hatukutembea. Boti ya kwanza iliyopita ilikuwa imejaa hadi kingo zinakaribia maji, watu wamekaa juu ya magunia, na sikuona jaketi la kuokolea hata moja. Nahodha aliniita mara mbili. Nilikataa, tukangoja nyingine karibu saa mbili. Ninaomba na wewe ukatae. Ziwa hili kwa upande wetu wa kaskazini lina kina cha kufikia mita 1,310, na huko kusini linafika 1,470. Boti ikizama hakuna mahali pa kusimama.

Tangu siku ile kanuni zangu ni lita mbili za maji kwa mtu mzima na moja na nusu kwa mtoto, kofia, nguo ya mikono mirefu isiyobana, raba zenye meno chini, na kifurushi cha chumvi ya kuongeza maji mwilini kutoka duka la dawa. Kandambili zikae mfukoni hadi mfike ufukweni. Na kama saa mbili asubuhi bado mpo nyumbani, ahirisheni hadi kesho.

Kuingia majini

Wengi tuliozaliwa hapa tunaona aibu kuuliza habari za kichocho, kana kwamba ziwa litatukasirikia. Kipo. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wadogo wanaokaa kwenye majani ya majini na maji yaliyotulia karibu na makazi ya watu, huogelea na kutoboa ngozi bila wewe kusikia maumivu. Hivyo chagua mahali. Penye matete, penye mfereji unaomwaga maji kutoka kijijini, penye watu wanaofua na kuosha vyombo, pita. Penye mawe na mchanga msafi, maji yanayopigwa na mawimbi, hatari hupungua ingawa haiishi. Asubuhi ni bora kuliko saa sita na saa saba mchana, saa ambazo vijidudu huwa vingi majini. Ukitoka jifute haraka kwa taulo.

Kisha, na hili ndilo watu wanaloliacha, mkirudi kwenu mkapime. Usipime wiki ya kwanza, maana mayai hayajaanza kuonekana. Subiri wiki sita hadi nane, peleka choo na mkojo, mwambie mtoa huduma kwamba mlioga Ziwa Tanganyika. Dawa ipo, inaitwa praziquantel, na kipimo chake hutegemea uzito. Watoto wangu nawapima kila Agosti. Mara moja kijana alikutwa nacho, akatibiwa, akapona, na Juni iliyofuata akaoga tena.

Mamba hupenda midomo ya mito na maji yenye tope, kwa hiyo upande wa Luiche kusini ya Ujiji, na Malagarasi mbele zaidi, hapafai kuoga, na viboko nao wapo. Ukiwa mahali usipopajua waulize wavuvi, "Hapa mamba alionekana lini?" Usiulize kama yupo, kwa sababu mtu mpole atakujibu hayupo ili asikuharibie siku. Kwenye mawe unaweza pia kumwona swila wa majini, nyoka mwenye pete nyeusi anayekula samaki. Hana shida na wewe, mwachie njia yake.

Jingine ni mteremko. Unatembea hatua tano maji yapo kiunoni, ya sita huna ardhi. Mtoto asiyejua kuogelea afungiwe jaketi la kuokolea hata kama anacheza pembeni, na mtu mzima mmoja asimame majini upande wa kina akiwatazama. Mmoja, mwenye kazi hiyo tu, bila simu. Tunapokezana kila nusu saa.

Na mavazi. Ujiji na vijiji vya ufukweni ni sehemu za heshima. Wanawake tunaingia na suruali ya kubana na fulana, au dera la zamani, na kitenge kikubwa kinangoja kwenye jiwe. Mama yangu ana miaka 70 na ushee na bado anaingia majini na kanga mbili, asubuhi sana, peke yake na ziwa lake.

Gombe, kama una siku mbili

Hifadhi ya Gombe ipo kilomita kama 16 kaskazini mwa mji, na njia ni ya maji tu. Lilikuwa pori la akiba tangu 1943 na likawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Jane Goodall alishuka ufukweni pale tarehe 14 Julai 1960 akiwa na mama yake, na kwenye mwaka uleule akamwona sokwe akitumia kijiti kuvulia mchwa. Alifariki tarehe 1 Oktoba 2025. Ninashangaa bado ni wangapi tuliozaliwa Kigoma ambao hatujawahi kukanyaga huko, wakati watu wanavuka bahari kuja. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni, ila chukua kitambulisho chako cha taifa.

Boti za abiria za vijiji vya kaskazini huondoka Kibirizi kati ya saa sita na saa nane mchana na kurudi asubuhi, kwa hiyo ukizitumia utalala Kasekela. Jumapili usizitegemee. Mkiwa watu sita au zaidi, kodini boti yenu ya asubuhi, gharama ikigawanywa haiumi. Kagueni majaketi kabla ya kulipa.

Ndani unatembea na mwongozaji wa hifadhi, na watoto wadogo hawaruhusiwi kwenda kwa sokwe, kwa hiyo kijana wangu hubaki na bibi yake. Kwa kuanzia omba njia ya maporomoko ya Kakombe. Ni mwendo mfupi ndani ya msitu wa bonde, miti imefunga juu, na mwisho wake maji yanaanguka kutoka kwenye mwamba mrefu na kukupulizia ubaridi usoni. Wenye pumzi waombe kupanda hadi kilele cha Jane, mahali alipokuwa akikaa na darubini yake. Huko juu msitu unakatika, unabaki na nyasi na ziwa lote chini yako. Kupanda kunataka asubuhi nzima, na kushuka kunaumiza magoti kuliko kupanda, kata fimbo ya kuegemea kabla hujafika, ndani ya hifadhi hukati kitu.

Kwa sokwe utavaa barakoa na kukaa angalau mita kumi. Usione kama ni urasimu. Magonjwa yetu wanayapata, na yamewaua: mwaka 1966 polio iliingia kundi lao, na homa za mapafu zimewapitia zaidi ya mara moja. Mwaka jana niliamka siku ya safari nina mafua. Niliwasindikiza binti yangu na mdogo wangu hadi Kibirizi, nikawapa chakula, nikarudi nyumbani. Niliumia, maana nilikuwa nimeingojea siku ile mwaka mzima, lakini nisingeweza kujisamehe.

Ufukweni Gombe wapo nyani, na wanaijua mifuko ya plastiki na ndizi. Usile nje, usiache mlango wa chumba wazi hata dakika moja.

Mahale sitaisemea sana. Ni mbali kusini, mlima Nkungwe una mita 2,462, na safari yake inataka siku nyingi na fedha. Siku nikienda nitaandika.

Kula, na kufungasha

Baada ya maji watoto wana njaa ya ajabu, na hapa usiwape biskuti. Fika nyumbani mgebuka ukiwa umeshabanikwa. Mama yangu anampasua mgongoni, anampaka chumvi na ndimu, anamweka juu ya makaa yaliyokwisha kutoa moshi na kumwacha hadi ngozi ianze kujikunja yenyewe. Pembeni kuna sufuria ya mawese yaliyoiva na kitunguu na nyanya, rangi yake kama udongo wa Kasulu. Samaki anaingizwa humo, dakika chache tu, asivunjike. Ugali ni wa muhogo, mweupe, unavutika, wa moto kiasi kwamba unauumba kwa ncha za vidole. Tunakula sakafuni, sinia moja.

Usiku wenye giza, ziwa likiwa halijafungwa, panda na watoto mahali palipoinuka uwaonyeshe taa za wavuvi. Ni taa nyingi sana, zimejipanga mbali kwenye giza kama kuna mji mwingine juu ya maji. Zinawavuta dagaa waje juu. Siku za mbalamwezi hutaziona, dagaa hawakusanyiki na wavuvi hupumzika.

Siku ya kuondoka nunua dagaa wa kichanja. Chukua wachache kiganjani, wasugue, wapulizie: kama kiganja kina mchanga, rudisha. Awe na rangi ya fedha, akivunjwa alie kwa sauti. Mfungashe kwenye mfuko wa sandarusi uliotandikwa magazeti ndani, asikazwe, apate hewa, na usimweke juu ya injini ya basi. Mawese yatie kwenye dumu la lita tano lakini acha nafasi ya vidole vitatu juu, kwa sababu asubuhi yakiwa yameganda dumu linaonekana limejaa nusu na mchana yakiyeyuka yanatafuta pa kutokea. Funga kifuniko, zungushia gundi ya karatasi, lisimamishe wima ndani ya ndoo, na ndoo ikae miguuni mwako hadi Morogoro.